Mama Pikapu na Loki ya Nyuma

Mke wangu aliendesha pikapu ile miaka kumi na mmoja na haikumkwamia mlimani hata siku moja. Ilikwama siku ya kumpeleka kaburini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma, na sioni kwa nini nilizunguke.

Watu walimwita Mama Pikapu. Mimi waliniita Mkia, kwa sababu kila alikokwenda nilikuwa nyuma yake. Yeye dereva, mimi utingo. Mume utingo wa mkewe. Walicheka mpaka wakachoka, na walipochoka wakaendelea kutupatia mizigo, maana wakati wa mvua hakuna gari jingine lililofika kule juu.

Nilimkuta kwenye kambi ya barabara. Yeye mpishi, mimi mpasua kokoto. Alikuwa mfupi, sauti kubwa, kidole chepesi cha kunyooshea watu. Alitaka kujua kuendesha. Madereva wa magreda walikula kwake, basi aliyekataa kumfundisha alipakuliwa ukoko. Mwaka haukuisha, hapakuwa tena na dereva wa kula ukoko. Mwaka huohuo kipande cha jiwe kilinitoa jicho la kushoto. Nimelala kwenye hema, nimefungwa kitambaa, akaja na sahani mkononi.

"Limebaki moja," akasema. "Linatosha kuniona?"

Nikasema linatosha. Hiyo ndiyo posa yetu. Wazazi walikuja kuambiwa baadaye, wakagomba, wakanyamaza.

Tulipata watoto wawili. Wa kwanza tunamwita Mkubwa, ana kazi ya ofisini, ana kigari chake kidogo cha kung'aa. Wa mwisho ni binti, Kitinda, anauza misumari na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye ndiye mama yake alimfundisha usukani, lakini kwenye tambarare tu. Mlima alisema atamfundisha mwakani. Kila mwaka ulikuwa mwakani.

Siku ya kununua ile pikapu nilikuwepo. Ilikuwa kuukuu, imetumika kwa watu huko ng'ambo mpaka ikachokwa, ndipo ikaletwa kwetu. Muuzaji alimwonyesha redio, akamwonyesha rangi, akapiga honi mara mbili kama vile tulikuwa tunanunua honi.

"Na hiki kitufe cha kuzungusha?" mke wangu akauliza. Kilikuwa kwenye dashibodi, karibu na goti.

"Hicho ni cha feni, mama. Kimekufa, usijali. Fungua dirisha tu."

Akalala chini ya gari na gauni lake la kutokea. Alikaa huko mpaka muuzaji akaniuliza kama amezimia. Alipotoka alikuwa na grisi kwenye paji la uso na midomo ameibana asicheke. Tulipofika njiani akaniambia, "Yule mpumbavu kaniuzia mlima mzima. Yeye anadhani kaniuzia feni."

Kitufe kile kilikuwa cha loki ya difu ya nyuma, lile bakuli la gia kati ya tairi mbili. Nieleze kwa ufupi, maana yote yanatoka hapo. Gari la kawaida, tairi moja ya nyuma ikining'inia au ikikanyaga utelezi, nguvu yote inakimbilia hiyo inayozunguka bure. Mwenzake, iliyo kwenye ardhi ngumu, inakaa tu. Loki inazifunga zote mbili ndani ya difu, zizunguke kama tairi moja. Lakini haishiki kwa kuamriwa. Ndani kuna meno, na meno lazima yakutane. Kwanza unasimama. Unavuta kile kifimbo kidogo pembeni mwa gia, unaweka foo-wili ya nguvu, tairi zote nne zivute. Unazungusha kitufe. Halafu unalisogeza gari hatua moja, polepole, huku unatikisa usukani kulia na kushoto, mpaka meno yaingiane. Ukizungusha kitufe huku tairi zinakimbia, hayaingiani. Yanasagana.

Kuna taa ndogo kwenye dashibodi. Ikipepesa, bado. Ikitulia, tayari. Taa hiyo iliungua mwaka wa kwanza. Fundi wetu akasema ili aibadilishe lazima afungue dashibodi nzima, gari lilale gereji siku tatu.

"Iache," mke wangu akamwambia. "Nina taa yenye masikio."

Taa hiyo ni mimi.

Njia ya kwenda juu ina kona nyingi, ila ya tatu ndiyo mbaya. Udongo mwekundu, mlalo wa kushoto, na upande wa ndani mvua imechimba mtaro unaomeza tairi. Kabla ya kona kuna pahali tambarare, pana jiwe kubwa. Hapo alisimama kila safari.

"Mzee, shuka."

Nashuka. Nasimama kwenye tairi ya nyuma, mkono juu ya bodi. Yeye anazungusha kitufe, anarudi nyuma hatua moja. Unasikia ziii ya mota ndogo ya loki, kama nzi kwenye chupa. Halafu tak. Nikisikia tak napiga bodi makofi mawili: panda. Kofi moja: bado, rudia. Maneno hayakuhitajika. Miaka kumi na mmoja, mvua na jua.

Watu wa mlimani walisimama pembeni kutazama.

"Mkia! Umeshuka kukojoa tena?"

Mke wangu anatoa kichwa dirishani. Alikuwa anakalia gunia lililokunjwa mara nne ndipo aone barabara. "Na wewe gari lako liko wapi? Nililiona limekwama kona ya pili, linakusalimia."

Siku moja nilipiga makofi mawili kabla ya wakati. Nilikuwa naua inzi. Akapanda, gari likateleza kinyumenyume, mifuko miwili ya saruji ikapasukia mtaroni. Hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu ananiwekea chai, ananiuliza, "Yule inzi, matanga yameisha?"

Ndivyo alivyokuwa. Hasira zake zilikuwa karibu na zilikwenda haraka. Zangu haziendi. Nadhani alizibeba zote mbili, na alipoondoka akaniachia zangu.

Ugonjwa ulikuwa wa wiki tatu. Sitaueleza.

Alitaka kuzikwa juu, kwa baba yake. Mkubwa akasema jeneza liende kwa pikapu yake mwenyewe, na hapo alisema vizuri. Akashika usukani. Kitinda akamwambia, "Kaka, acha niendeshe mimi, gari naijua." Akamjibu, "Kilio kimekujaa machoni, utatuangusha." Mimi nilipanda nyuma pamoja na jeneza. Shemeji yangu, kaka mdogo wa marehemu, akakaa upande wa pili. Tulilishika lisicheze.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulifika kwenye jiwe. Mkubwa hakusimama.

Nikagonga kioo cha nyuma. "Simama!"

Akaendelea. Akaingia kona kwa kasi, kama anavyoendesha kigari chake kwenye lami. Tairi ya ndani ikaingia mtaroni, ikaanza kuzunguka bure. Matope yakaruka mpaka kwenye jeneza. Ndipo nikaona mkono wake unahangaika kwenye dashibodi, anazungusha kitufe. Huku mguu kwenye mafuta. Nikasikia krrr chini yangu. Meno.

"Toa mguu! Usizungushe tairi! Rudi chini kwenye jiwe, mwanangu, nishuke nisikilize!"

Akatoa kichwa dirishani. Watu wote walikuwa wanatutazama.

"Baba, nyamaza. Mambo ya gari huyajui. Wewe kaa na mama."

Nikagonga tena bodi. Nikasema tena. Shemeji akanishika bega, akaniambia taratibu, "Shemeji, mwache kijana."

Kijana. Ana mvi.

Akakanyaga mafuta mpaka moshi ukatoka. Mwishowe wakalishusha jeneza, wakalibeba mabegani. Wanaume sita kwenye matope ya kifundo. Mmoja akapiga goti, pembe moja ya jeneza ikagusa chini. Ilikuwa upande wa kichwani. Mlima alioupanda mara ngapi sijui, siku hiyo akapandishwa kama mzigo ulioshindikana.

Nililifuta jeneza kwa mkono wa koti. Sikusema neno mpaka tukamaliza kuzika. Sikusema wiki nzima. Watu walidhani ni huzuni. Ilikuwamo, lakini haikuwa peke yake.

Pikapu iliburutwa na trekta mpaka nyumbani. Fundi akaja. Fundi huyo mke wangu alimlisha, alimletea viazi kila msimu, gari lile alilijua tangu lilipofika. Hakupiga hata goti kutazama chini. Alisimama mlangoni, akamsikiliza Mkubwa anaeleza jinsi kitufe kilivyokataa, akatikisa kichwa.

"Difu imekufa, bosi."

"Umeiona?" nikamuuliza.

"Mzee, mlio huo ukielezwa tu, unajua."

Ningekuwa na meno yote ningemuuma.

Na mke wangu pia nilimkasirikia. Niseme ukweli. Usiku na mchana nilimgombeza kimoyomoyo. Ulimfundisha nani mlima? Ulinifundisha kusikiliza, mlima mzima ukaufunga kwenye mkono wako na sikio langu, halafu ukaondoka na mkono. Mtu mmoja mwenye jicho moja na kiganja, nitafanya nini? Nipige makofi hewani?

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja Mkubwa akaja na dalali. Dalali alivaa viatu vyeupe, na alipoingia uani alitembea kwa ncha za vidole kama kuku aliyelowa. Akaizunguka pikapu mara mbili, akaipiga tairi teke. Sijui kwa nini watu hupiga tairi teke. Tairi haijawahi kumjibu mtu.

Mkubwa akatoa karatasi mezani, akaweka na kidau cha wino.

"Baba, gari ni la marehemu. Sisi warithi ni watatu. Mimi nimeshatia sahihi. Bado Kitinda na wewe. Weka dole hapa."

Kitinda alikuwa mlangoni na kanga kiunoni. "Mimi sahihi yangu itamfuata baba," akasema.

"Linauzwa kwa nini?" nikauliza.

"Limekufa, baba. Linaozea uani. Huyu bwana analichukua hivyo hivyo, kwa vipuri."

Kwa vipuri. Kiti anunue huyu, usukani yule.

"Halijafa."

"Baba." Akashusha pumzi, ile ya mtu anayezungumza na mtoto. "Nililiendesha mwenyewe. Umesahau?"

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Sijasahau. Wewe ndiye unayesema limekufa, basi wewe ndiye utalipandisha. Kesho asubuhi. Mlima uleule, kona ileile. Ukifanya ninavyokwambia na likashindwa, naweka dole. Naweka vidole vyote kumi. Likipanda, haliuzwi, na usiniletee tena wino nyumbani kwangu."

Dalali akacheka. "Mzee kawa moto."

"Na wewe njoo," nikamwambia. "Na fundi aje."

Mkubwa akasema sawa. Nadhani alikubali kwa kunihurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyozidi kunichemsha.

Asubuhi nikakuta Kitinda ameshapakia magunia manane, unga na mbolea. Wateja wa juu walikuwa wamempigia simu wiki nzima.

"Mama hakupanda na gari tupu," akasema. "Likipanda tupu, kaka atasema lilikuwa tupu."

Mama yake kabisa.

Betri ilikuwa imelala, tukaliwasha kwa kulisukuma. Mkubwa usukanini, Kitinda pembeni yake. Mimi, fundi na dalali nyuma, juu ya magunia. Jana yake mvua ilikuwa imenyesha, siyo kubwa, lakini udongo ule hautaki kubwa.

Tulipokaribia jiwe niligonga kioo. Safari hii alisimama.

Nikashuka. Nikasimama kwenye tairi.

"Foo-wili ya nguvu."

"Tayari."

"Zungusha kitufe. Mguu usiguse mafuta."

"Nimezungusha. Taa haiwaki, baba. Nimesoma kwenye simu, taa ingewaka."

"Taa iliungua kabla hujaoa. Rudi nyuma hatua moja. Hatua, siyo safari!"

Gari likarudi. Mkono wangu juu ya bodi. Nikasubiri ile ziii. Sikuisikia. Injini inanguruma, mkanda unapiga kelele, pikapu nzima inatetemeka. Nikapiga kofi moja. Akarudia. Sikusikia kitu. Nikapiga moja tena. Nilisikia damu yangu tu inavyokimbia masikioni.

Hapo niliogopa. Niliogopa mambo mawili. Kwamba fundi alisema kweli, yale meno siku ile yalisagika yakaisha. Au meno yapo, ila mimi ndiye sisikii tena. Kati ya hayo mawili sikujua lipi baya zaidi.

"Mzee," fundi akasema kutoka juu ya magunia, "nilikwambia."

"Shuka," nikamwambia. "Wewe na mwenzako wa viatu. Mkubwa, zima injini. Kisha rudisha ufunguo kwenye umeme tu, loki inautaka. Weka gia huru, achia breki."

Wakashuka. "Tufanye nini?"

"Lisukumeni kinyumenyume. Polepole."

Dalali akajitazama miguu. "Mimi nimekuja kununua, mzee, sikuja kusukuma."

"Si mmesema limekufa? Maiti inabebwa na walio hai. Sukuma."

Kitinda alishashuka, ameegemeza bega kwenye boneti. Alimtazama dalali mara moja tu. Mama yake alikuwa na jicho hilohilo. Dalali akaja akaegemea, fundi naye. Pale ni tambarare, na gari halikwenda mbali, likayumba tu, mbele kidogo, nyuma kidogo.

"Mkubwa, usukani kulia. Kidogo! Umeshika usukani au unamkaba mtu? Sasa kushoto. Ninyi, tena!"

Injini imezima, kimya. Nilipiga magoti kwenye matope, nikaweka kiganja kwenye chuma, karibu na difu yenyewe. Ndipo nikaisikia. Ziii. Dhaifu, imelala miezi miwili, lakini ipo. Inasukuma, inatafuta, haipati.

"Tena! Usikae, dalali, sukuma!"

Kulia. Kushoto.

Tak.

Kama ukuni mkavu umevunjiwa ndani ya chungu. Wote waliisikia. Fundi aliachia boneti, akainama kutazama chini ya gari kama mtu aliyeitwa kwa jina na asiyemdhania. Miaka yote ile hakuwahi kuisikia. Alikuwa anabadilisha mafuta tu.

Nikainuka. Nikapiga makofi mawili. Nilipiga kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, kiganja kikawaka moto.

Mkubwa hakuelewa. Akatoa kichwa. "Nini?"

"Panda!" Kitinda akamwambia. "Makofi mawili ni panda! Tangu lini hujui?"

"Sikuwahi kupanda nao," akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Miaka kumi na mmoja hakupanda na sisi hata siku moja.

Akawasha, betri ilishapata chaji njiani, likaanza kupanda. Mimi natembea nyuma, nimeshika bodi.

"Usikate kona! Chukua nje, pana! Likishika loki halitaki kona kali, utavunja ekseli. Nje, nje! Mguu uleule, usiongeze, usipunguze!"

Safari hii hakubisha. Tairi ya ndani ikafika kwenye mtaro, ikainuka, ikaning'inia. Nikaiona mwenyewe kwa jicho langu hili moja, ikiwa hewani, inazunguka sawasawa na mwenzake. Na mwenzake inakamata udongo, inang'ata, inasogea. Polepole kama mwanamke aliyebeba debe la maji. Pua ya gari ikataka kwenda moja kwa moja, nikapiga kelele, akaishika. Magunia manane. Likapita pale lilipokwama. Likapita pale mtu alipopiga goti. Mimi sikutazama pembeni.

Baada ya kona nikamwambia azime kitufe, aende mbele moja kwa moja hatua chache, mpaka nikasikia loki inaachia. Ndipo tukapanda mpaka juu kabisa, kwenye uwanja wa duka, na fundi na dalali wanatufuata kwa miguu. Viatu vilishakuwa vyekundu.

Mkubwa akashuka. Akafunga mlango kwa taratibu, jambo alilokuwa hajawahi kulifanya kwa gari lile. Akaja mpaka nilipo. Uso umelowa jasho.

"Baba," akasema, "kama ulikuwa unajua, mbona hukusema siku ile?"

Nilidhani nimemsikia vibaya. Nikamtazama mdomo.

"Nilisema."

"Baba..."

"Nilisema. Niligonga kioo, nikasema simama. Nikasema toa mguu. Nikasema rudi kwenye jiwe nishuke nisikilize. Mjomba wako alikuwepo, yuko hai, muulize. Uliniambia ninyamaze, nikae na mama. Mbele ya watu wote. Nikanyamaza. Ndiyo maana akabebwa vile."

"Nilichanganyikiwa, baba. Nilikuwa namzika mama yangu."

"Na mimi nilikuwa namzika nani?"

Kitinda alitugeuzia mgongo, akaanza kufungua kamba za magunia ambazo hazikuwa na haja ya kufunguliwa haraka. Dalali alitaka kusema neno, fundi akamkanyaga.

Ndipo mwenye duka akatoka. Ni mwanamke wa umri wangu, mdomo wake hauna mlango. Alikuja ameshika kiuno.

"Miezi miwili!" akapiga kelele. "Miezi miwili nangoja mbolea! Niiweke lini, mahindi yakishavunwa?"

"Tulikuwa na msiba," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Msiba naujua, nilikuwepo, nililia kuliko wewe! Nauliza mbolea. Yeye angekuwepo ningekuwa nimeshapalilia. Mnasimama mnatazamana nini hapo, mnangoja nani awashushie?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini alikuwa ameshanipita, anapapasa gunia kuona kama limelowa, na machozi yanamtiririka huku anaendelea kugomba.

"Hujasikia?" nikamwambia Mkubwa. "Beba."

Akabeba. Viatu vyake vya ofisini, shati lake jeupe, gunia la mbolea begani. Gunia la pili akaenda nalo fundi. Dalali akanijia pembeni.

"Mzee, sasa tumeona ni zima. Mimi naweza kuongeza."

"Njia ya kushuka unaijua," nikasema. "Ni hiyohiyo uliyopandia."

Akaondoka. Mkubwa aliporudi kuchukua gunia jingine nikamnyooshea mkono. Alielewa. Akatoa ile karatasi mfukoni, imelowa jasho, akanipa. Sikuichana. Sijui kusoma lakini karatasi naijua kazi yake. Nimeiweka chini ya mguu wa meza unaocheza. Ufunguo nilimwambia ampe dada yake.

"Kitinda hajawahi kupanda mlima," akasema.

"Na wewe hukuwahi, mpaka leo."

Mwenye duka alishamaliza kuhesabu magunia. "Alhamisi mniletee saruji," akamwambia Kitinda. "Na mabati. Na msinifanyie tena vya miezi miwili."

Kitinda akanitazama. Nikasema Alhamisi tutakuja.

Sasa anaendesha yeye, siku mbili kwa wiki, siku nyingine yuko dukani kwake. Ana miguu mirefu, ya upande wangu, hahitaji gunia la kukalia. Kwenye jiwe anasimama. Mara ya kwanza alisahau akaniambia, "Baba, tafadhali naomba ushuke." Nikamwambia hapa hakuna tafadhali, hapa ni shuka. Kona ya tatu ameshaikosea mara moja, tukashuka kinyumenyume mpaka kwenye jiwe, nikamgomba mpaka akalia, akanigomba na yeye, tukarudia, tukapanda. Nimemwambia ajifunze kusikia mwenyewe. Nimemwekea kiganja chake kwenye chuma, pale karibu na difu, nikamshikilia mpaka akaipata. Nataka awe na vyote viwili, mkono na sikio, kabla sijalala chini.

Fundi alikuja kuomba radhi na boksi la taa mpya. Nimemwambia afungue dashibodi nzima, hata kwa siku tatu.

Mkubwa sijamsamehe. Wanasema nimsamehe. Nimesikia. Hupiga simu kila Jumapili, anauliza gari linaendaje. Namjibu kuhusu gari.